Neno Moja, Maana Mia Sita na Zaidi

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni ya vyombo vya baharini, lakini yafaa pia kwa maneno. Neno fupi ambalo mzungumzaji hulitamka pasi na kufikiri limeundwa kwa karne nyingi, na kila kizazi kimeligongomea ubao wake. Mfano mwafaka ni kitenzi cha Kiingereza 'run'. Kina herufi tatu na silabi moja tu, na mtoto wa chekechea hukijua. Hata hivyo, ilipofika mwaka 2011, wahariri wa Oxford English Dictionary walikuwa wamekihesabia maana 645. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, lililochapishwa mwaka 1989, maelezo marefu kuliko yote yalikuwa ya kitenzi 'set', chenye maana zipatazo 430. Peter Gilliver, mwanaleksikografia aliyekishughulikia 'run', alitumia miezi tisa kwa kitenzi hicho kimoja.

Takwimu kama hizi aghalabu huwatia unyonge wapenzi wa Kiswahili. Yupo mwanafunzi azisomaye na kukata kauli kuwa Kiingereza ni bahari ilhali Kiswahili ni kisima. Kinaya ni kwamba mwanafunzi huyo huyo, akigeukia kitenzi 'piga', hubadilisha mizani. Waswahili hupiga simu, pasi, picha, kura, hodi, mswaki, magoti, miayo, mbizi, ramli na kambi. Hupiga vita, hupiga marufuku na hupiga moyo konde. Hapo husikika ikidaiwa kuwa Kiswahili kimepungukiwa na vitenzi hata kila jambo likawa la kupigwa. Sifa ni moja, hukumu ni mbili: kwa Kiingereza ni utajiri, kwa Kiswahili ni uhaba. Mizani ya namna hiyo si ya haki.

Hali hii wataalamu wa semantiki huiita polisemia, yaani neno moja kubeba maana kadhaa zenye uhusiano. Ni tofauti na homonimia, ambapo maneno mawili yasiyo na udugu hukutana kwa sura tu, kama vile 'kaa' la moto na 'kaa' wa pwani. Katika polisemia mna ukoo, na ukoo una shina. Shina la 'run' si miguu peke yake. Katika Kijerumani cha leo wangalipo ndugu zake wawili: 'rennen', lenye maana ya kukimbia, na 'rinnen', lenye maana ya kutiririka. Kiini chake, basi, ni mwendo unaoendelea bila kukatika. Kwa sababu hiyo Mwingereza husema kuwa mto, bomba la maji, pua ya mtoto mwenye mafua na rangi mbichi ukutani vyote vina-'run'. Zilipokuja mashine, nazo zikaingia katika ukoo huo. Zikafuata biashara inayoendeshwa, basi linalosafiri kila siku, mkataba unaodumu miaka mitano, maradhi yanayorithiwa katika familia na, hatimaye, programu ya kompyuta. Maana hizi hazikuokotwa ovyoovyo. Kila moja iliishika mkono iliyoitangulia.

Kiswahili nacho kina 'kimbia', na hapa ndipo yalipo mafunzo makubwa. Kitenzi hiki kina kasi, lakini pia kina hofu. Mtu hukimbia vita, hukimbia deni, humkimbia mkewe. Kwa njia ya mnyambuliko kimezaa 'kimbilia', 'kimbiza', 'kimbizana' na 'kimbiwa'. Kikazaa pia nomino 'mkimbiaji', 'mkimbizi', 'ukimbizi' na 'kimbilio'. Nchini Kenya, mwanariadha anayeshinda mbio za marathoni na familia iliyohifadhiwa katika kambi ya Dadaab au Kakuma huitwa kwa majina ya mzizi mmoja. Viambishi ndivyo vinavyomtenga mkimbiaji na mkimbizi. Nchini Tanzania, Mwenge wa Uhuru hukimbizwa kila mwaka na hakuna anayedhani kuwa umefukuzwa. Kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa kukipa kitenzi kilekile vijineno vya kukifuata, Kiswahili huifanya ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa hiyo, anayehesabu maana za neno moja moja ili kupima utajiri wa lugha hizi mbili hupima kitambaa kwa kibaba.

Ole wake mfasiri asiyelitambua jambo hili! Kiingereza kikisema kuwa mwanasiasa fulani ana-'run' kwa ajili ya urais, mfasiri wa pupa huandika kuwa 'anaukimbia urais'. Amesema kinyume kabisa: msomaji ataelewa kuwa mtu huyo anautoroka wadhifa huo. Akijirekebisha na kuandika 'anaukimbilia urais', atakuwa amemchora mtu anayetafuta mahali pa kujisetiri. Yamkini kwa baadhi ya wanasiasa picha hiyo haiko mbali na ukweli, lakini siyo iliyokusudiwa. Kiswahili kina 'wania' na 'gombea', vitenzi vyenye harufu ya mashindano na mvutano, ambavyo havihitaji kuazima miguu ya mtu.

Hata hivyo, Mgala muue na haki yake mpe. Zipo njia ambazo lugha hizi mbili hukutana bila kuagana. Mkenya azungumzapo Kiingereza husema kuwa mgonjwa ana tumbo linalo-'run'. Kwa Kiswahili, tumbo humwendesha. Mwenye duka huli-'run' duka lake. Kwa Kiswahili, huliendesha. Kitenzi 'endesha', kilichozaliwa na 'enda', kimebeba gari, biashara, mkutano na maradhi ya tumbo, na bado hakijaelemewa. Mwanafunzi anayelalamika kuwa Kiswahili hakina kitenzi cha kupambana na 'run' huwa amekaa juu ya hazina akiomba sarafu.

Suala hili si la darasani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria, fomu, matangazo na maelezo ya dawa yanahitaji kufasiriwa, na wengi wa watakaoitwa kuifanya kazi hiyo ni wanafunzi walioko vyuoni. Mama anayesoma karatasi ya zahanati hana kamusi kubwa mkononi wala mhadhiri wa kumwuliza. Akielezwa kuwa dawa 'itakimbia kwa siku saba', hatajua kama aimeze juma zima au aitupe kabla haijaharibika. Maisha ya mtoto wake yanaweza kutegemea kitenzi kimoja.

Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alisisitiza katika miaka ya 1950 kuwa neno hufahamika kwa wenzake linaoandamana nao. Waswahili hawangeshangazwa na hilo, kwani wao husema kuwa ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Mfasiri hodari, anapokutana na 'run', haulizi kwanza linamaanisha nini. Huuliza limekuja na nani: mto, duka, kura au homa? Akishamjua mwandani wa neno, huitafuta kauli ambayo Mswahili angeitoa bila kusukumwa. Maana 645 zimo kamusini, lakini katika sentensi iliyo mbele yake, aghalabu ni moja tu inayohitajika. Hiyo ndiyo aliyopewa aifikishe salama.