Kampuni Inapogeuka

Bomba la moshi na kilima cheusi cha Lubumbashi vinatukumbusha kampuni iliyojua kugeuka. Katika miaka ya 1920, Union Minière ilichoka na vibarua wa mikataba mifupi, ambao ujuzi wao uliondoka nao kila waliporudi kwao. Ikaanza kuwaweka kambini pamoja na wake na watoto, ikawapa posho, shule na hospitali. Wazee wetu waliiona kama baba na mama. Kumbe ilikuwa hesabu.

Nayo hesabu iligeuka. Gécamines, iliyorithi migodi serikali ilipoitwaa mwaka 1967, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mwaka 2003 haikufikisha 20,000. Ndipo watumishi zaidi ya 10,000 walipoondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, baada ya miezi mingi bila mshahara. Hiari gani hiyo?

Union Minière yenyewe, huko Ubelgiji, ilijiita Umicore mwaka 2001, na leo huchota kobalti katika betri kuukuu. Ni werevu, hatukatai. Ila kampuni ilipata miaka ya kujipanga. Fundi wa Gécamines, aliyejua tanuri moja maisha yake yote, alipewa fedha za mkupuo mmoja.