Tranka la Katuni

Mwaka juzi mwanafunzi mmoja ninayemsimamia aliniletea pendekezo la tasnifu. Alitaka kuchunguza namna magazeti ya katuni yalivyosimulia dhiki ya miaka ya 1980: foleni za sukari na sabuni, ulanguzi, msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Lilikuwa pendekezo zuri kuliko mengi yanayopita mezani kwangu. Nikamwuliza swali ambalo kila msimamizi huuliza: data utazipata wapi? Akajibu, "Dokta, nilidhani wewe utanielekeza." Alikwisha kuzunguka maktaba mbili. Kote alioneshwa majalada ya magazeti ya habari yaliyojalidiwa vizuri mwaka kwa mwaka, na kote aliambiwa kwamba yale ya katuni hayatunzwi. Mtumishi mmoja alicheka kidogo alipoulizwa.

Nikamwambia, kwa kujiamini nisikostahili, kwamba mimi ninayo. Yako nyumbani kwetu Bunda.

Kusema kweli hayakuwa yangu. Yalikuwa ya kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka minane na ambaye tulimzika mwaka 2004. Alifanya kazi ya msimu katika kiwanda cha kuchambua pamba, na kila alipolipwa alikwenda stendi kungoja mabasi ya kutoka Mwanza, maana magazeti yalikuja na mabasi. Alinunua *Sani* kwanza, mkate baadaye. Kwenye kona ya kila jalada aliandika jina lake na tarehe ya kununua, kisha akaliingiza gazeti katika orodha kwenye daftari la shule. Orodha hiyo ninayo. Ina magazeti 212.

Nilifika Bunda siku ya Jumamosi. Mama aliitikia shikamoo yangu na kuuliza moja kwa moja: "Umefuata yale makaratasi ya ndugu yako, baba? Yako pale pale. Sikuyagusa. Niliapa sitayagusa wala sitaruhusu mtu ayafungie karanga."

Kiapo alikitimiza. Kwa karibu miaka 20 tranka lile la bati lilikaa kwenye kona ya chumba cha nyuma, juu ya sakafu ya udongo, limefunikwa kitenge na kufungwa kufuli. Tulipolinyanyua, kitako kilibaki chini. Mchwa walikuwa wamepanda kupitia kutu, wakajenga njia zao za udongo baina ya kurasa, wakala kutoka chini kwenda juu kwa utaratibu ambao ofisi zetu nyingi zingeuonea wivu. Nilitoa magazeti 34 mazima. Mengine kama 20 yalikuwa nusu. Yaliyosalia yalikuwa udongo wenye vipande vya rangi. Mama alisimama mlangoni, akatazama, akasema, "Kumbe nilikuwa nalinda kufuli." Kisha akatoka kwenda kuchochea moto.

Sitaki msomaji adhani nalaumu. Mama alifanya kile ambacho karibu kila mmoja wetu hufanya kwa kitu anachokithamini: kukifunga na kuacha kukitazama. Ningekuwa nimefungua tranka lile mara moja kwa mwaka, ningewaona mchwa katika mwaka wao wa kwanza. Mimi ndiye mwenye shahada ya uzamivu, na mimi ndiye niliyepita Bunda kila Desemba nikila wali na kuondoka.

Kwa wasomaji vijana ambao hawakuyaona, *Sani* lilianzishwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Jina lenyewe limeunganishwa kutoka kwenye majina yao, Saidi na Nico. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Pimbi na Kipepe. Philip Ndunguru, mmoja wa mafundi wakubwa waliochora humo, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na watoto wa mitaani kwetu waliendelea kuitana kwa majina ya wahusika wake bila kujua kwamba mchoraji hayupo. Katuni hazikuanzia hapo. Gazeti la *Mambo Leo* la serikali ya kikoloni, lililoanza mwaka 1923, lilikuja kuwa na picha za kuchekesha. Gazeti la *Uhuru* lilimpa Christian Gregory nafasi ya kumchora Chakubanga. Na miaka ya 1990 James Gayo akatuletea Kingo, ambaye mara nyingi hasemi neno hata moja na bado unamwelewa.

Lodi Lofa ni nani? Ni kijana asiye na kazi anayejifanya anayo. Ndumilakuwili ni nani? Jina linajieleza, kila aliyewahi kuketi katika kikao cha serikali amekaa jirani naye. Wakati hotuba zilisimulia nchi kama ilivyopaswa kuwa, katuni zilimchora mtu aliyevaa viatu vilivyotoboka akisikiliza hotuba hizo. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inatuambia namna ya kutunza jalada la ofisi. Sheria ya maktaba ya mwaka 1975 inaipa Bodi ya Huduma za Maktaba jukumu la kukusanya machapisho ya nchi. Sheria hazikosekani. Kinachokosekana ni mazoea ya kuliona gazeti la katuni kuwa chapisho. Tumetunza maelezo ya wizara kuhusu uhaba wa sabuni. Kicheko cha aliyekosa sabuni tumekifungia vitumbua. Mwanahistoria wa mwaka 2080 akija kuuliza tulivyoishi, atakuta serikali ikijibu peke yake.

Nyuma ya daftari la kaka palikuwa na ukurasa wa walioazima. Kaka alikuwa mkali kwa jambo hilo: jina, namba ya toleo, tarehe. Wengi wamekatwa mstari, maana yake walirudisha. Jina moja halikukatwa, la mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa Butiama, akiwa na magazeti 11. Sikuwa na matumaini, lakini Butiama si mbali, nikaenda. Mzee yupo, amestaafu. Nilipojitambulisha alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nilijua mtakuja. Nilifikiri mtakuja mapema."

Akatoa bahasha ya kaki kutoka juu ya kabati. Magazeti yote 11 yalikuwamo, yamelazwa bapa, kila moja limefungwa ndani ya karatasi nyeupe ya daftari. Hakuwa amesomea uhifadhi. Alisema tu kwamba kitu cha mtu hukikagua kila anapofagia juu ya kabati, kwa sababu mwenyewe anaweza kubisha hodi wakati wowote. Nilipiga hesabu njiani. Kati ya yale yaliyolindwa kwa kufuli, yaliyopona hayakufika moja kwa tano. Yaliyoazimwa yalipona yote. Sidai kwamba hii ni kanuni. Najua vitabu vyangu mwenyewe vilivyoazimwa na kutorudi, na baadhi ya waliovichukua husoma hapa. Lakini nimekuwa nikiitafakari hesabu hiyo.

Kabla ya kuondoka Butiama nilipita Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliotutoka. Ni vizuri kwamba vitu vyake vipo mahali pamoja na mtoto wa shule anaweza kuviona. Mtu yule aliyeitafsiri *Julius Caesar* kwa Kiswahili mwaka 1963, akiwa na nchi changa ya kuongoza, alijua kwamba lugha hujengwa kwa kusomwa. Nilijiuliza tu ni wapi mtoto huyo huyo ataona vitu vya watu waliokuwa wakiongozwa.

Sasa magazeti hayo 45, pamoja na zile nusu, yako kwangu Musoma, na kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wameniuliza ninavyoyatunza, nitaeleza.

Adui wa kwanza ni karatasi yenyewe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili ya mti. Ikikutana na hewa na mwanga hutoa asidi, na asidi hiyo huigeuza karatasi kuwa ya njano, kisha kahawia, kisha hukatika kama chapati kavu. Hakuna dawa ya nyumbani ya kulizuia hilo kabisa; kuna kulichelewesha. Giza husaidia. Ubaridi husaidia. Kwa hiyo usiweke mkusanyiko wako juu ya dari chini ya bati, ambako mchana ni tanuri, wala ukutani pembeni mwa dirisha ili wageni wauone. Mimi nimechagua ukuta wa ndani, usiopigwa na mvua, na rafu iliyoinuka futi mbili kutoka sakafuni. Ziwa lilipopanda mwaka 2020, maji yaliingia katika nyumba zilizokuwa kandokando. Tangu hapo sishawishiki kuweka karatasi sakafuni katika mji huu.

Miguu ya rafu inasimama ndani ya makopo yenye oili chafu, kama mabibi zetu walivyofanya kwa kabati la chakula, na rafu haigusi ukuta. Mchwa wanahitaji daraja. Usiwape.

Mifuko ya nailoni ya sokoni niliiacha. Ile laini yenye harufu kali ni ya PVC, nayo kadiri inavyozeeka hutoa kemikali na kugandamana na wino. Wenye uwezo huagiza mifuko ya poliesta na kadi zisizo na asidi. Nami nimetumia karatasi nyeupe safi kufunga kila gazeti na kuyalaza bapa, si zaidi ya kumi kwa rundo, ndani ya boksi lenye mfuniko, na karatasi hiyo huibadilisha inapoanza kugeuka rangi. Pini za stepla zilizoota kutu nilizitoa kwa ukucha na subira, nikashona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale. Selotepu ni marufuku: baada ya miaka michache gundi yake hupenya na kuacha doa la kahawia lisilotoka kamwe. Palipochanika pameachwa palivyo. Vidonge vya kuzuia nondo havimzuii mchwa, na mvuke wake si mzuri kwa wanaolala chumbani humo. Majani makavu ya mwarobaini nimeyaweka ndani ya kitambaa pembeni mwa boksi, kwa heshima ya bibi yangu kuliko kwa imani yangu.

Wadudu wadogo waliokuwa tayari ndani ya magazeti ya Bunda walikuwa shida nyingine. Kuna yule mwembamba wa rangi ya fedha, asiye na mabawa, anayekwangua wanga juu ya karatasi. Dawa ya kupulizia ingeharibu wino. Njia inayokubalika ni baridi kali: unafunga magazeti ndani ya mifuko miwili isiyoingiza hewa, unayaweka kwenye friza lililo nyuzi 18 au zaidi chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha unayatoa na kuyaacha siku nzima bila kufungua, ili unyevu utue nje ya mfuko na si juu ya karatasi. Friza la aina hiyo Musoma lina nani? Mwenye samaki. Shangazi yangu anayeuza sangara Nyasho alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, umesoma miaka yote hiyo ili uje ulaze vikatuni pamoja na samaki wangu?" Akanipa pembe moja ya friza. Umeme ulikatika siku ya sita kwa muda mrefu, ikabidi tuanze kuhesabu upya. Bado ananidai kilo mbili za heshima, kama anavyosema.

Baada ya hapo nilipiga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, bila mwanga wa taa ya simu, nikaweka nakala katika flashi mbili, moja iko kwangu na nyingine kwa yule mwalimu wa Butiama. Siyasambazi. Wachoraji na warithi wao wana haki zao, na nchi hii imewanyonya wasanii vya kutosha bila mchango wangu. Anayetaka kusoma anakuja, ananawa mikono, anakausha, anaketi mezani, anaandika jina lake katika daftari la kaka, chini ya mstari alipoishia. Mwanafunzi wangu alikaa siku nne. Tasnifu yake ilibidi ibadilike: toleo moja alilolitegemea zaidi, la mwaka 1983, limo katika orodha lakini halimo katika boksi. Tunajua kaka alilinunua lini. Kilichokuwamo hatukijui, na sura moja ya kazi yake imebaki na pengo ambalo aliliandika hivyo hivyo, kwa uaminifu.

Tatizo langu sasa ni lingine. Watoto wangu hawana hamu na magazeti haya, na sioni haki ya kuwalazimisha. Nimeandaa barua ya kuyatoa kwa taasisi ya umma, pamoja na daftari. Nilimsomea mama barua hiyo alipokuja Musoma kwa ajili ya kliniki. Alisikiliza, akaniuliza kama huko watayaweka mezani au kabatini, na kama mtu wa Bunda asiye na kitambulisho cha chuo ataruhusiwa kuyashika. Nikamwambia nitauliza. Nimeuliza kwa maandishi, na nimeambatisha orodha yote 212, pamoja na yale ambayo hayapo. Hadi majibu yatakapofika, boksi liko kwangu, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nalifungua.