GTA VI Inatoka Lini?

Hata baada ya GTA V kutoka 2013, sisi bado tulikuwa kwa San Andreas, kwenye kibanda cha PS2 hapo mtaani, shilingi 10 kwa dakika 15. Mimi na bro hatukuwa na haraka ya misheni. Yeye alimzungusha CJ kwa baiskeli Grove Street. Mimi nilimsomea chiti kutoka nyuma ya daftari la hesabu: R1, R2, L1, X... Pesa za CJ zinaingia, zetu zinaisha.

Siku hizi bro ni soja huko Doha. Trela ya GTA VI ilipotoka Desemba 2023, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika 6. Yeye anafurahia kurudi Vice City. Mimi ningetaka Los Santos, na hapo hatujawahi kukubaliana. "Ikitoka nitakuwa nimerudi," alisema, "na PS5 nitabeba mwenyewe."

Ilikuwa itoke 2025. Ikasogezwa hadi Mei 2026, kisha Novemba. Bro naye ameongeza mkataba.

Mathe hajui chochote kuhusu gemu, lakini akitusikia tukibishana kwa simu huuliza, "Kwani hiyo kitu yenu inatoka lini?"

Namwambia Novemba.