Vidole vilipogoma, uzi wa utepe ukamrudisha kazini

Kwa zaidi ya miaka 30 mwalimu mmoja mstaafu wa Morogoro amekuwa akifuma vitambaa vya makochi. Ni vile vyeupe vyenye ua katikati, ambavyo zamani karibu kila sebule ilikuwa navyo: juu ya kochi, juu ya redio, juu ya jagi la maji. Mshahara ulipochelewa, vitambaa vililipa ada. Binti yake hutania kwamba sare zake za sekondari zilitoka kwenye sindano ya kroshia.

Kazi hiyo hutaka uzi mwembamba wa pamba na sindano ambayo unene wake haufiki milimita 2. Kidole gumba na cha shahada hubana muda wote, kama mtu aliyeokota punje ya mchele akakataa kuiachia. Alipovuka miaka 60, shina la kidole gumba lilianza kuuma, kisha vikatokea vinundu vigumu kwenye viungo vya karibu na kucha. Hata kufungua mfuniko wa chupa ya mafuta ya kula ikawa shida.

Hakumwambia mtu. Alikwenda duka la dawa, akanunua diklofenaki, maumivu yakatulia, akaendelea. Ikawa desturi: kidonge baada ya chai, kitambaa baada ya kidonge. Binti alipokuja likizo alikuta maganda ya vidonge chini ya kikapu cha nyuzi, jirani na dawa za presha.

"Mama, hivi unameza kila siku?"

"Nisipomeza sifumi, mwanangu. Na nisipofuma nifanye nini, nikae barazani nihesabu bodaboda?"

Hapa ndipo penye hatari ambayo familia nyingi haziioni. Diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni ikiwamo, zikitumiwa mfululizo zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo, kupandisha shinikizo la damu na kupunguza nguvu ya dawa za presha. Mtu mwenye presha hapaswi kuzizoea bila daktari wake kujua. Kuuzwa kama peremende hakuzifanyi kuwa peremende.

Hospitali walieleza kwamba gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, limelika. Hali hiyo huwapata wanawake wengi baada ya kukoma hedhi. Vidonge vilisimamishwa, akapewa dawa ya kupaka na mazoezi ya vidole. Binti alisubiri kusikia kufuma kunapigwa marufuku. Haikuwa hivyo. Viungo vya namna hii huhitaji mwendo. Kinachovitesa ni kubana kitu chembamba kwa saa nyingi bila kupumzika. Ashike kitu kinene, akaambiwa, na apumzike mapema.

Kitu kinene kilipatikana Kariakoo: uzi wa utepe, bapa kama riboni, pamoja na sindano ya milimita 9. Mama aliutazama akasema huo si uzi, ni mkanda wa kufungia zawadi.

Wiki ya kwanza ulimtoa jasho. Ukiuvuta kutoka ndani ya bunda hujisokota na kupoteza ubapa wake, kwa hiyo siku hizi analichomeka bunda kwenye kijiti ili lizunguke lenyewe. Sindano yenye ncha kali huchana utepe, basi anatumia yenye kichwa cha mviringo. Na kwa kuwa utepe unateleza, ncha zake hazitulii kwa kuchomekwa tu kati ya mishono. Anazishona kwa sindano ya kawaida na uzi. Mkoba wa kwanza ulirefuka hadi magotini baada ya kubebea viazi. Wa pili aliukazia mishono na kuufupishia mikanda. Pasi ya moto haigusi kabisa, maana utepe wa nailoni huyeyuka.

Anafuma vitu vidogo: pochi, vikapu vya kuwekea funguo, vitandiko vya sufuria za mezani. Blanketi la uzi huu lingekuwa zito, na uzito wote ungeshukia kifundo cha mkono. Kila baada ya dakika 20 simu inalia, anaweka kazi chini, anakunja na kukunjua vidole. Pochi inaisha kwa jioni mbili, wakati kitambaa kimoja kilichukua wiki. Wateja wake sasa ni wasichana wa chuo, si mama zao.

Maumivu hayajaisha, na si kila maumivu ya vidole ni haya yake. Mtu anayeamka na mikono yote miwili imevimba, ina joto, na inabaki migumu kwa zaidi ya nusu saa, awahi hospitali. Huenda ni baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo, nayo hutaka matibabu ya mapema.

Kitambaa cheupe alichokiacha nusu bado kimo kikapuni, sindano imechomekwa palepale alipoishia. Binti amejitolea kukimalizia. Mpaka sasa jibu ni hapana, eti mishono ya binti imelegea.