Nyuma ya Pazia, Matrah

Nilifika Maskati mwezi wa Januari, wakati kaskazi ikivuma kuelekea kwetu Unguja, kaskazi ile ile iliyokuwa ikiyaleta majahazi ya Waarabu tangu dahari. Nami, kwa kupanda ndege, niliipita kinyume kwa saa chache tu, jambo ambalo wazee wetu wangelidhani ni sihiri.

Jioni ya pili, baada ya kuzunguka soko la Matrah hadi miguu ikachoka, niliingia mkahawa mmoja ambao, kama ilivyo ada ya huko, ukumbi wa mbele ni wa wanaume na upande wa ndani ni vyumba vya mapazia, ambamo watu na ahali zao huvua viatu, wakala kwa sitara. Nikingojea wali na samaki, nikasikia nyuma ya pazia sauti ya bibi mtu mzima ikimkemea mtoto: "Weka bilauri chini, usije ukamwaga!" Kiswahili Maskati si ajabu, kwani waliohama kwetu baada ya 1964, na waliorejea baada ya Sultan Qaboos kutawala 1970, hawakukiacha nyuma, lakini lafudhi ile ilikuwa ya Malindi khasa, mtaa wetu. Nikathubutu: "Shikamoo, Bibi."

Kimya. Kisha: "Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtaja babu. Mwanawe akatoka, akanikaribisha ndani.

Bibi aliondoka Unguja angali kigoli, na lugha yake ilibaki pale pale alipoondokea: gari kwake ni motokaa, na sentensi zake hazina neno moja la Kiingereza, hata nikawa nayaonea haya yangu. Akauliza habari za Beit el-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, ambamo babake alikuwa karani lilipokuwa afisi za serikali. Nilitafuta maneno laini, sikuyapata. Nikamwambia kuwa tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika kutengenezwa kwa msaada wa Oman hii hii, upande wake mmoja uliporomoka.

"Upande gani?"

"Wa mbele, Bibi, unaotazama bahari."

Akamsogezea mjukuu sahani, asiseme neno kwa muda mrefu. "Baba alikuwa akikaa upande huo," akasema.

Wali wangu ulikuwa umepoa mezani kule nje. Nilipokwenda kulipa, nikaambiwa hesabu imekwisha kulipwa.