Heri Kilio Kile

Ndugu msomaji, wewe mzazi na wewe kijana unayebaki na wadogo wako, sikia kilichotupata nyumbani kwetu hapa Likasi.

Nilinunua sokoni kagari ka plastiki kenye kuimba. Watoto wakafurahi, nami nikajiona baba mwema. Siku ya tatu mama akaita: «Baba, kuya mbio! Mutoto iko na kitu mu kanwa!» Ilikuwa betri ndogo ya duara, kama kifungo cha shati. Mfuniko wake haukuwa na hata skrubu moja.

Tulimshukuru Mungu, maana hakuwa ameimeza. Betri ya namna ile ikikwama kooni, yaweza kuunguza nyama ya ndani kwa saa 2 tu. Ikitokea kwako, usingoje asubuhi, wala usimtapishe mtoto: mbio hospitali!

Nilimrudia muuzaji. Akacheka: «Kitu ulishauza, Pasta, hairudiake.»

Kumbe kwingine hurudi. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani iliita virudishwe vitu vya kuchezea zaidi ya milioni 18 duniani, kwa sababu ya sumaku ndogo zilizoweza kubanduka. Mtoto akimeza mbili, huvutana tumboni na kutoboa matumbo.

Mimi sikuitwa na mtu. Basi, mzazi, jiite mwenyewe. Kabla ya kulipa, tikisa, vuta magurudumu, tafuta skrubu ya mfuniko.

Kagari ketu nimekavunja kwa mkono wangu. Mtoto alilia mpaka jioni. Heri kilio kile kuliko kingine.