Dawa, Kufuli na Ufunguo

Mama yangu mkubwa hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani na darasa la nne, ila ndiye aliyenipa mtihani ulionitoa jasho kuliko yote niliyotahiniwa chuoni. Ilikuwa likizo. Tulikuwa tumeketi barazani kwake, Malindi, naye akipepeta mchele kwenye uteo. Kitindamimba wake, ambaye kwa desturi zetu ni mdogo wangu wala si binamu, alikuwa ametoka asubuhi kwenda kunywa methadoni kama aendavyo kila siku ya Mungu. Mama akaniuliza bila kuinua macho:

"Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa maneno. Hiyo anayopewa huko hospitalini ni dawa, au ni dawa?"

Msomaji atang'amua mara moja kitendawili kilichokuwamo. Neno letu hili moja limebebeshwa mizigo miwili isiyopatana. Dawa humwinua mgonjwa kitandani, na dawa humwangusha kijana mtaroni. Wanaleksikografia wametuongezea "za kulevya" ili kutenga hii na ile, lakini barazani watu hawasemi hivyo. Husema tu fulani anatumia dawa, na sauti ikishushwa, kila mtu huelewa. Nilimjibu Mama kwamba hiyo ni dawa ya kutibu. Akaniuliza mbona mwanawe akiikosa siku mbili hutetemeka vilevile kama alivyotetemeka alipokosa unga. Sikuwa na jibu. Nilisingizia adhana, nikaondoka.

Niliporudi chuoni nilimwendea rafiki yangu anayesomea famasia, naye akanipa vitabu vyake, akaniambia nianze na neno moja tu: kipokezi. Wenzangu wa isimu waniwie radhi nisipoingia katika mjadala wa istilahi. Mimi nimelipenda neno hili kwa sababu ndani yake mna kupokea, na palipo na kupokea pana mgeni na mwenyeji.

Dhana yenyewe ina umri wa zaidi ya karne moja. Mnamo 1905 Mwingereza John Newport Langley, akifanya kazi Cambridge, aliona kwamba nikotini huufanya msuli ukazike, na kwamba kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika Kusini, huizuia nikotini isifanye hivyo. Hata hivyo, msuli uliotiwa kurare ukiguswa moja kwa moja na umeme, bado hukazika. Msuli, basi, haukuwa umekufa. Langley akakata shauri kwamba lazima pana kitu fulani mwilini kinachoipokea nikotini, na ambacho kurare hukikalia mahali pake. Mjerumani Paul Ehrlich naye alikuwa akielekea huko huko kwa njia yake. Hakuna aliyekuwa amekiona kitu hicho kwa macho. Kilijulikana kwa matendo yake, jinsi sisi wa fasihi tunavyomjua msimulizi asiyejitaja.

Vitabu vingi hufafanua jambo hili kwa tashbihi ya kufuli na ufunguo, iliyoasisiwa na Emil Fischer mwaka wa 1894 alipokuwa akieleza kazi ya vimeng'enya. Dawa ni ufunguo, kipokezi ni kufuli. Ukiingia, mlango hufunguka. Tashbihi hii ni nzuri, na kwa muda mrefu niliiamini. Leo naiona kuwa na kasoro, na kasoro hiyo iligharimu maisha ya mtu wa nyumbani kwetu. Nitaifikia.

Kwanza, kisa cha unga. Heroini huundwa kutokana na mofini, nayo mofini hutoka katika utomvu wa mpopi. Kampuni ya Bayer iliiuza heroini kuanzia 1898 kama dawa ya kikohozi, jambo ambalo Mama angelisikia angesema kwamba kitendawili chake hakikuanzia Malindi. Heroini si chochote ila mofini iliyovishwa majoho mawili ya kikemikali. Majoho hayo huipenyeza upesi katika kizuizi kinachoulinda ubongo dhidi ya vitu vya kwenye damu. Ikishaingia, huyavua, ikawa tena mofini au jamaa yake wa karibu, kisha hujishikiza kwenye vipokezi viitwavyo myu, kwa herufi ya Kigiriki inayosimamia mofini. Kipokezi cha aina hiyo ni protini iliyojipenyeza katika utando wa seli mara saba, kama uzi katika pindo la kanga. Kikiguswa kwa nje, hutuma habari ndani, na seli ya neva hunyamaza. Katika uti wa mgongo, kunyamaza huko huyapunguza maumivu. Mahali pengine zinazonyamaza ni seli zilizowekwa kuwazuia wengine, hivyo dopamini hufunguliwa ikamiminika, na mtu akaona dunia yote imemtengenekea. Katika utumbo, choo hufunga. Machoni, mboni husinyaa ikawa kama ncha ya kalamu. Katika shina la ubongo, pumzi hupungua. Kipokezi ni kile kile. Tofauti ni mahali kilipo.

Mbona basi Mungu alituwekea kufuli ya mpopi mwilini? Swali hilo liliwashughulisha wanasayansi pia. Mwaka wa 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, huko Baltimore, walithibitisha kuwapo kwa vipokezi hivyo katika ubongo, na wengine jijini New York na Uppsala wakalithibitisha mwaka uo huo. Miaka miwili baadaye John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, wakampata mwenyeji halali: mwili wenyewe hujitengenezea vitu vinavyofanana na mofini kwa kazi, ambavyo hutolewa kidogo kidogo, hufanya shughuli yake, kisha huvunjwavunjwa upesi. Waliviokota katika ubongo wa nguruwe. Kipengele hiki sikumsimulia Mama.

Sasa nije kwenye kasoro. Kufuli ya chuma haibadiliki kwa kufunguliwa. Ukitia ufunguo mara elfu, itakuwa kufuli ile ile, labda imelegea kidogo. Kipokezi sivyo. Kikiguswa mfululizo, siku baada ya siku, seli hujitetea. Baadhi ya vipokezi huzibwa visipeleke habari, vingine huvutwa ndani ya seli visionekane. Aidha, seli iliyonyamazishwa kwa nguvu hukuza mitambo yake ya ndani ili ipate kusikika juu ya ule unyamavu. Ndiyo maana kete moja ya mwanzo huwa mbili, mbili zikawa tano, na mtu hanunui tena raha bali hununua hali ya kawaida.

Siku unga unapokosekana, unyamavu huondoka ghafla, lakini ile mitambo iliyokuzwa ingali pale, ikipiga kelele. Katika shina la ubongo pana kiini kidogo ambacho jina lake la Kilatini lina maana ya mahali pa samawati. Seli zake, zilizokuwa zimekandamizwa, hulipuka zote kwa pamoja. Jasho, kamasi, miayo isiyokoma, vinyweleo kusimama, tumbo kuendesha, mifupa kuuma. Haya yote wenyewe wameyapa jina moja, arosto, na sijaona istilahi ya kitaalamu iliyolishinda neno hilo. Nilipokuwa kijana nilidhani arosto ni deko. Nilimsikia ndugu yangu mkubwa, kifungua mimba wa Mama, akilia usiku chumba cha pili, nami nikajifunika mto masikioni.

Ndugu yangu huyo alikamatwa akawekwa rumande miezi saba. Alitoka mwaka wa 2019. Alikuwa amenenepa, macho meupe, anaswali. Nilimwambia Mama, kwa kinywa changu hiki, kwamba mwili wake sasa umepata nguvu na hata akiteleza mara moja hautadhurika kama zamani. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri. Mwili wenye afya huhimili. Siku ya tatu aliniomba shilingi mia mbili akanyolewe. Nilimpa.

Hakufa kwa kuzidisha. Kwa mujibu wa aliokuwa nao, alitumia kiasi kile kile alichokizoea kabla ya kukamatwa, na humo ndimo mlimokuwa na mauti. Kwa miezi saba vipokezi vyake vilikuwa vimerudi, vimezibuka, vinasikia tena. Zile seli za shina la ubongo ambazo hupima hewa chafu katika damu na kuuamuru mwili upumue, zilipokea pigo la jana kwa masikio ya leo. Zikanyamaza. Wenzake walimmwagia maji baridi, wakamtia maziwa kinywani. Ipo dawa iitwayo naloksoni, ambayo hushika kipokezi kwa nguvu kuliko heroini, humsukuma mgeni akaondoka, nayo isikiamshe kipokezi. Mtu aliyekuwa hapumui anaweza kuketi baada ya dakika chache. Waliokuwapo hawakuwa nayo, na hawakuwahi kuisikia. Mimi pia sikuwahi. Leo najua kwamba wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka kifungoni ni miongoni mwa nyakati za hatari kubwa kabisa kwa mtu wa namna hiyo. Kifungu hicho nilikisoma nikiwa nimesimama maktabani, nikaketi.

Nilirudi Malindi likizo iliyofuata, nikamkuta Mama mahali pale pale. Sikumletea kufuli wala ufunguo. Nilimwambia: chukua ubongo kuwa ni nyumba yenye viti barazani. Mwenyeji huja, huketi kidogo, huenda zake. Unga ukaja na kundi la wageni wenye fujo, wakavikalia vyote. Watu wa nyumba wakaviondoa baadhi ya viti, wakajizoeza kuzungumza kwa kupiga ukelele ili wasikizane. Wageni wakitoka, ukelele unabaki. Hiyo ndiyo arosto. Methadoni ni mgeni wa ukoo ule ule. Ila huja polepole kwa njia ya tumbo, huketi mchana kutwa na usiku kucha, hana purukushani, na kwa kuwa ameketi yeye, wa fujo akija hapati pa kukaa. Nilimweleza kwamba Kenya ilianza kuitoa hospitalini Mathari mwishoni mwa 2014, ikafika kwetu Malindi 2015, na kwamba ndugu zetu wa Dar es Salaam walikuwa wametutangulia, pale Muhimbili, tangu 2011. Nikamwambia pia kwamba ikizidi nayo huua, ndiyo maana kipimo huanza kidogo kikapandishwa taratibu, na muuguzi husimama akaangalia kikombe kikimalizwa.

"Basi ni mgeni vilevile," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ni mgeni vilevile."

Alilifikiri jambo hilo kwa muda. Nilitaraji angekasirika, kwa kuwa jibu langu halikumwondolea dawa yoyote kati ya zile mbili. Lilimwambia tu kwamba hukaa kiti kimoja. Hakukasirika. Aliuliza mwanawe atakunywa hadi lini, nikamwambia huenda ikawa miaka, na wengine huwa hawaachi, kwani viti havirudishwi kwa siku moja. Akatikisa kichwa. Kisha akauweka uteo chini.

"Na yule mkubwa," akasema. "Alipotoka kule. Viti vyake vilikuwa vimerudi?"

"Vilikuwa vimerudi, Mama. Karibu vyote."

Habari ya zile shilingi mia mbili sijamwambia hadi leo. Mama aliuinua uteo wake, akaendelea kupepeta, na baada ya kitambo kidogo akaniagiza nimwekee mdogo wangu chakula, maana saa za kurudi kwake kutoka kliniki zilikuwa zimekaribia.